Siku Kumi na Mkwe Wangu Kwenye Fukwe za Ureno

Wanawake wa Keumbu, mmenichosha. Sokoni mnaniuliza, kanisani mnaniuliza, hata kwenye posho mili nikisaga mahindi mtu ananishika mkono: "Mama Nyakundi, huko Ulaya kulikuwaje?" Nikimweleza huyu, yule anasikia vingine. Juzi nimesikia eti nilizama baharini nikafufuka siku ya tatu. Basi nimechukua daftari. Shule niliachia darasa la nne lakini kalamu naijua kushika, na naandika kwa Kiswahili ili Mama Hemal wa duka la vitambaa kule Kisii mjini naye asome.

Mnajua safari ilikuwa zawadi ya Nyakundi, kifungua mimba wangu, yule aliye Qatar. Nilipofika miaka sabini alisema, "Mama, chai umechuma ya kutosha. Enda na Kerubo mkaone bahari." Kerubo ni kitinda mimba wangu, ameolewa Nyansiongo, na mnajua alikuwa amekaa miaka kumi na moja bila mtoto. Mambo ya makaratasi siandiki. Yalikuwa mengi, yakaisha.

## Nairobi: niliyemngoja hakuja

Nilifika uwanja wa ndege mapema, nimevaa viatu vipya vinavyouma, nikasimama mlangoni kumngoja Kerubo. Nikaona mume wake anakuja anavuta sanduku.

Jina lake sitaandika, mkwe hatajwi ovyo. Anafundisha shule ya sekondari, kwa hivyo namwita Mwalimu kama wanafunzi wake. Ni mrefu kama mti wa blugamu, na mpole mpaka ng'ombe wake wanamdharau. Alisimama hatua kumi kutoka kwangu, akaangalia sakafu.

"Mama, habari ya barabara."

"Nzuri, Mwalimu. Mke wako yuko wapi?"

"Yuko kwa simu."

Akaweka simu juu ya sanduku, akarudi nyuma, ndipo mimi nikaenda kuichukua.

"Mama," Kerubo akasema, "usipige kelele."

"Kwani nimeanza?"

"Daktari amekataa nipande ndege. Mama, niko na mimba. Ya miezi minne."

Nilipiga kelele. Nilipiga vigelegele mpaka askari wawili wakakimbia wakidhani kuna mwizi. Nikamkumbatia mmoja. Halafu nikaona lile sanduku tena, na akili ikarudi.

"Sasa hili sanduku la Mwalimu linaenda wapi?"

Kerubo akashusha sauti. "Nyakundi alibadilisha jina kwenye tikiti. Mwalimu ndiye atakupeleka. Tulikuficha kwa sababu ungekataa."

"Nakataa!"

"Pesa ya tikiti hairudi, Mama. Na wewe Kiingereza hujui."

Mama Hemal, wewe nikueleze. Sisi Wakisii tuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni aibu ya heshima kati ya mtu na mama mkwe wake. Hamgusani, hamkai kiti kimoja, mkwe hakuoni umelala, na uchi wako hata asiuote. Nyakundi amekaa kwa Waarabu mpaka amesahau mambo haya, akaona ni sawa kunitupa siku kumi baharini na mume wa dada yake. Na marehemu mama yangu alinifunza hivi: mkwe akikuona ulivyozaliwa, mguu wako umeisha kwake. Hukanyagi boma lake mpaka wazee wakae, mbuzi achinjwe, na habari ifike hadi kule Masimba na ng'ambo yake.

Na sasa ndani ya boma hilo kulikuwa na mtoto anakuja.

Nikajiapia pale pale: nitarudi na chinsoni yangu nzima, la sivyo mtoto wa Kerubo nitamwona kwa picha.

## Angani: maiti ya kiti cha thelathini

Walikuwa wametupa viti vya kushikana. Mwalimu hakungoja niseme. Alibadilishana na kijana mmoja, akaenda kukaa nyuma kabisa karibu na choo. Lakini nikafikiria: akipita nikiwa nimelala mdomo wazi, je? Nikajifunika leso kichwa mpaka kiuno, nikalala vizuri.

Kumbe msichana wa ndege alipita na chakula akaniita mara tatu, sikusikia. Akaita mwenzake. Wakaita wa tatu. Wakauliza, huyu mama amekuja na nani? Wakamleta Mwalimu.

"Mguse uone kama anapumua," wakamwambia.

"Siwezi kumgusa," akasema Mwalimu, amegeukia ukuta.

"Kwa nini?"

"Ni mama mkwe wangu."

Msichana akanifunua mwenyewe. Niliruka. Kulikuwa na watu saba juu yangu, mmoja ameshika chupa ya hewa. Wali ulikuwa umeshapoa, na kuku wao hana chumvi.

## Porto: mvinyo nyuma ya pipa

Mji unaitwa Porto, umepanda mlima na kushuka kama kwetu, isipokuwa hakuna ndizi. Hapo tukapata wenzetu wa safari, wazungu ishirini na kitu, wengi wazee, na kiongozi wetu, msichana anaitwa Beatriz, ana mwavuli mwekundu anaoinua juu ili tusipotee. Alitupanga kwenye basi wawili wawili. Mimi na Mwalimu akatuweka pamoja.

Mwalimu akahamia kiti cha mwisho. Mimi nikakaa cha mbele, kando ya bibi Mjerumani anaitwa Helga, kichwa cheupe kama pamba. Na kwa vile Mwalimu ndiye mdomo na masikio yangu, Beatriz akisema kitu kule mbele, Mwalimu anatafsiri kutoka nyuma kwa sauti ya gwaride.

"Mama! Anasema kanisa hilo lina miaka mia nane!"

"Muulize nani anafagia!"

"Mama, hilo siulizi!"

"Uliza!"

Wazungu wanageuza shingo mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama kuku wanaoangalia mwewe.

Wakatupeleka ghala la mvinyo. Mapipa makubwa kama tangi za maji, yamelala gizani, na harufu yake peke yake inatosha kukuondoa kwenye kitabu cha washiriki wa kanisa. Mimi Msabato, mnanijua. Walipopitisha glasi nikafunika yangu na kiganja, nikaomba chai. Beatriz akafikiri mimi ni mgonjwa. Wakaniletea maji ya moto yenye jani moja linaogelea.

Mwalimu naye ni Mkatoliki, kwake mvinyo si dhambi. Lakini atakunywaje mbele ya mama mkwe? Nikaangalia huku na huku, simwoni. Halafu nyuma ya pipa nikaona kiwiko. Kiwiko kikapanda, kikashuka. Kikapanda tena. Nikageuka, nikasoma ukuta ambao haukuwa na maandishi. Chinsoni ni ya watu wawili, na mimi pia nilikuwa nafanya sehemu yangu.

Lakini Beatriz alituona. Alimwona Mwalimu amejificha, mimi nimegeuka. Alishika kifua, akasikitika. Sikujua anasikitikia nini.

## Nazaré: wanawake wa sketi saba

Huu ndio mji nilioupenda. Ufukweni wanawake wa rika langu wamekaa wanauza samaki waliopasuliwa wakaanikwa juani kwenye nyavu za mbao, kama omena, wale dagaa wetu wa ziwani, ila wakubwa. Na nguo zao! Mwalimu akapiga kelele kutoka mbali, "Mama, anasema ni desturi, wanavaa sketi saba!"

Saba! Moja juu ya nyingine. Nikasema, hawa ndio watu wenye adabu, hawa wanajua mkwe yuko.

Nikaenda kwa mmoja, mnene, ana sikio lenye dhahabu. Nikashika samaki, nikakunja uso. Akakunja wake. Nikaonyesha vidole vitatu. Akacheka kwa dharau, akaonyesha sita. Nikaondoka. Akaniita. Jamani, sikujua neno hata moja la kwao na tulielewana kuliko ninavyoelewana na mchuuzi wa vitunguu wa Keumbu. Tulipomaliza akanipa kipande nionje, nikala na mkono, akapiga paja lake kwa furaha. Samaki huyo ana magamba na mapezi, Biblia haina neno naye.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Mama Hemal alinishonea gauni la baharini la kitambaa kizito kisichoonyesha mtu hata kikilowa. Nikaona niongeze. Nikanunua sketi tatu za wale wanawake nivae chini yake. Nikasema, sasa bahari na ije.

## Lisbon: mabata kitandani

Lisbon nitasema kidogo kuhusu mawe na mengi kuhusu aibu.

Mawe: kuna nyumba ya watawa wa zamani, nguzo zimechongwa kama kamba na matawi, mpaka nikaguswa moyo, nikafikiria fundi wangu wa choo ambaye hawezi kunyoosha ukuta mmoja. Karibu na hapo wanauza vikeki vya maziwa na mayai, juu vimeungua kidogo makusudi. Nilikula sita. Helga alikula saba. Hatukuzungumza, tulihesabiana.

Aibu: tulipofika hotelini Beatriz alitabasamu sana akanipa ufunguo mwenyewe. Siku zote Mwalimu alikuwa analala chumba cha dereva wa basi. Nikafungua mlango. Kitanda kimoja kikubwa, kimemwagiwa maua mekundu, na juu yake mabata wawili wa taulo, wameshikana midomo. Nyuma yangu naona mtu wa hoteli anavuta sanduku la Mwalimu, na Mwalimu anafuata akiangalia simu.

Akainua macho. Akaona maua. Akaona mabata.

"Nyasae! Mungu wangu!" akasema, na akakimbia. Ngazi za ghorofa nne, mtu wa miaka arobaini na sita.

Kumbe Beatriz alikuwa amejiambia sisi ni mke na mume tuliogombana! Mimi bibi tajiri, Mwalimu kijana wangu. Kila mtu kwenye basi alikuwa anatuombea tupatane. Jioni wakatuandalia meza yetu wawili, na mshumaa.

Nikamwambia Mwalimu aeleze. Akakataa, jasho linamtoka. "Mama, maneno hayo hayapiti mdomoni kwangu."

"Basi nitaeleza mwenyewe!"

Nikasimama mbele ya watu wote. Nikaonyesha Mwalimu. Nikatikisa kichwa: hapana. Nikajishika kifua: si wangu. Halafu nikataka kuonyesha Kerubo. Nikachora tumbo kubwa mbele yangu kwa mikono, nikaonyesha Mwalimu tena: ndiye.

 Helga akaweka uma chini. Halafu wakasimama wote, wakapiga makofi.

Wamefikiri mimi ndiye mjamzito! Miaka sabini! Wakaja kunibusu mashavu. Mzee mmoja wa Kiholanzi akampa Mwalimu mkono, akamtikisa bega, akamwambia kitu. Mwalimu aliingia chini ya meza, akakaa huko. Beatriz analia kwa furaha. Helga akaniondolea chai akaniletea maziwa.

Ilibidi nimpigie Kerubo simu ya picha. Akaonekana na tumbo lake, akawaeleza kwa Kiingereza, dakika mbili.  Halafu Helga akaanza kucheka, bibi yule alicheka mpaka meno ya bandia yakatoka kidogo. Beatriz akapiga magoti akiomba msamaha. Nikamwinua. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Mwanangu, ungekuwa Keumbu ungekuwa umeshalipa mbuzi." Akaitikia ndiyo, ndiyo.

Tangu siku hiyo basi zima lilijua chinsoni. Mwalimu akitaka kupita, wazee wa Kizungu wanasimama kunikinga kama ukuta. Nikapumua. Nikaona nimeshinda.

## Lagos ya Ureno: siku ya bahari

Kusini ya nchi ile kuna miamba ya manjano imesimama majini, imetobolewa matundu ambayo mtu anapita. Maji rangi ya kijani ya chupa. Na watu, mama yangu! Wamelala mchangani kama mahindi yaliyoanikwa, wazee kwa vijana, nguo zao zote ukizikusanya hazitoshi kushona kofia. Nilimwona babu wa rika langu na kitambaa cha kamba mbele. Nikasali.

Tulipanga hivi: Mwalimu akae upande huu wa mwamba, mimi na Helga upande wa pili. Kati yetu jiwe kubwa kama nyumba. Nikavaa sketi zangu tatu, na juu gauni la Mama Hemal. Nikaingia maji ya magotini. Baridi! Lakini tamu. Nikaingia ya mapajani. Nikacheka peke yangu. Nikajiita kwa jina langu, nikasema, Moraa wa Keumbu, umekanyaga bahari.

Ndipo likaja wimbi.

Si kubwa. Helga aliliruka tu. Lakini mimi nilikuwa na sketi tatu na gauni, na maji yakaingia chini, yakajaa, yote yakapanda juu kama mwavuli wa Beatriz ukigeuzwa na upepo. Kichwa kiko ndani ya nguo, sioni, siwezi kusimama, na huko chini, wenzangu, kila kitu kiko hadharani mbele ya Ureno. Wimbi lingine likanibeba, likanipitisha kwenye tundu la mwamba.

Mnajua upande wa pili kulikuwa na nani.

Nilisikia Helga anapiga kelele. Nikatoa pua kwenye kitambaa nikapiga kelele yangu: "Mwalimu! Usiangalie! Nakufa! Usiangalie!"

"Mama uko wapi?"

"Usiangalie!"

"Siangalii! Ongea nifuate sauti!"

Na nikamwona kwenye upenyo wa nguo. Anaingia majini kinyumenyume, shati na suruali ya kitambaa, macho amefunga mpaka shavu nililoliona limekunjamana, mikono ameinyoosha nyuma na taulo.

"Kushoto!" nikasema.

"Kushoto kwangu ama kwako?"

"Mwalimu, nakunywa maji!"

Akaja kushoto. Akakanyaga shimo, akazama. Blugamu yote ikapotea. Akatoka anakohoa, macho bado amefunga, taulo juu. Hapo nikatambua kitu: huyu mtoto wa watu hajui kuogelea. Nyansiongo wataogelea wapi, kwenye josho la ng'ombe?

Wimbi la tatu likatupiga wote wawili. Nikamshika. Ndiyo, nimeandika. Nilimshika mkwe wangu shati kwa mikono miwili, yeye akashika taulo, taulo likanishika mimi, na bahari ikatutupa mchangani kama takataka, mimi chini, sketi kichwani, yeye kando anatapika maji.

Helga akanifunika na mwili wake mzima. Ilichukua muda. Muda huo Mwalimu alikuwa ameelekeza uso wapi, sikujua.

## Uhispania: sina mengi

Kesho yake tulivuka daraja refu juu ya mto tukaingia Uhispania. Wanasema tuliona kanisa. Wanasema ndani ya duka moja kulikuwa na miguu ya nguruwe imening'inia darini zaidi ya mia, kila mmoja na kikombe cha kukinga mafuta. Nakumbuka miguu. Mengine sikuona. Kwenye basi hakuna aliyetafsiri, mimi sikuuliza, Mwalimu hakupiga kelele. Beatriz aliongea peke yake.

Nilikuwa nahesabu. Mtoto angezaliwa baada ya miezi mitano. Wazee wa kwao hawakubali mbuzi tu, wanataka mambo yaelezwe, nani aliona nini. Na nilikuwa najua sheria ya mama yangu. Kama aliona, nitakaa barabarani, wamlete mtoto getini nimwangalie kama mzigo wa posta.

## Kurudi

Ndege ya kurudi walitupa viti vya kushikana tena. Mwalimu akaanza kuinuka. Nikamwambia, "Kaa."

Akakaa, ukingoni. Tuliangalia mbele wote wawili, kiti cha mtu aliyekaa mbele yetu.

"Mwalimu."

"Mama."

"Siku ile ya maji. Uliona nini?"

Akakaza mkanda wa kiti.

"Niliona maji, Mama."

"Maji peke yake?"

"Mengi, Mama. Sijawahi kuona maji mengi hivyo."

Nikamwangalia pembeni, mara moja tu. Masikio yalikuwa mekundu, mtu mweusi kama yeye. Alikuwa anaangalia kile kiti kama mtu anayesoma gazeti.

"Hata mimi," nikasema. "Hata mimi niliona maji tu."

Halafu akahamia nyuma karibu na choo, mahali pake.

Basi nyinyi mnaouliza, na nyinyi mnaocheka nikipita, na wewe shemeji yangu unayetaka nitoe mbuzi: mwenyewe amesema ni maji. Mimi nimesema ni maji. Nani mwingine alikuwa huko? Helga? Mpigieni.

Kerubo amejifungua msichana, kilo tatu na nusu, mdomo kama wangu, sauti kama yangu. Wiki jana nilienda Nyansiongo mchana kweupe. Nilipita getini, nikapita ng'ombe, nikaingia sebuleni. Mwalimu alikuwa amenitolea kiti, kisha ametoka kwenda kukagua mahindi ambayo yalikuwa salama kabisa. Kerubo akaniwekea mtoto mapajani. Mtoto akaniangalia, akafikiria, akanikojolea kutoka juu hadi viatuni.

Sikuinuka. Nilikaa hapo mpaka saa kumi jioni.